Mwalimu wa Mabeki

Kama ulicheza mpira Nyanza miaka ile ya hamsini, na ukawa mshambuliaji, nina hakika uliwahi kumlaani Nicodemus Wakhisi bila hata kulijua jina lake. Ulikimbia na mpira, ukainua macho, ukakuta watu watano wamejipanga mbele yako. Ulipokwenda kulia, wote walikwenda kulia. Uliporudi kushoto, walirudi nawe. Mwisho ukaupiga mpira juu ya miti kwa hasira, na mashabiki wakakuzomea wewe, si wao.

Mimi sikumlaani. Nilikuwa golikipa katika Chuo cha Walimu cha Got Rateng', kule mlimani njia ya Maseno, na golikipa mwenye mabeki wazuri ni mtu wa starehe. Kuna mechi nilizocheza nikarudi bwenini kaptula yangu ikiwa safi kama nilivyoivaa, wenzangu wakanicheka kwamba nilikwenda kutazama mpira bure. Kwa hiyo ujue ninamsimulia mtu niliyempenda. Ila mtu ukimpenda humfichi.

Alitoka pande za Kimilili. Baba yake alipofariki, wana wa mke mkubwa waligawana shamba matanga hayajaanuliwa, na alipouliza fungu lake aliambiwa asubiri. Nilipomjua mimi, mvi zimeanza kumwingia, alikuwa bado anasubiri. Basi mwaka wa arobaini na mbili, vita vikiwa vimepamba moto, alishuka Kisumu akaajiriwa kubeba marobota ya pamba bandarini.

Siku za meli kubwa vibarua walijipanga mstari mmoja kuivuta kamba mpaka meli ikae sawasawa. Msimamizi wao alikuwa fundi Kalasinga, Gurcharan Singh, mtu aliyependa mpira kuliko chakula, na aliyekuwa na timu yake ya watu wa bandari. Siku moja kibarua wa katikati aliachia mkono ajikune shingo. Kamba ikawaponyoka, na wote wakaenda chini, huyu juu ya yule. Gurcharan alicheka mpaka akashika kilemba kisimdondoke. Nicodemus, aliyekuwa chini ya lile rundo la watu, hakucheka. Jumamosi alikuja uwanjani na kipande cha kamba ya katani, akawafunga kiunoni mabeki wawili na mahafubeki watatu wa mbele yao, wote watano kwa kamba hiyo moja.

"Wewe Nico," Gurcharan akamwambia, "hii watu ya mpira ama mbuzi ya soko?"

"Bwana, mmoja akilala, wote wanajua," Nicodemus akajibu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yake yote. Aliwatembeza kwa kamba, mbele, nyuma, kulia, kushoto, bila mpira. Ukikimbia peke yako unawaangusha wenzako, nao wanakutukana. Ukichelewa unaburutwa. Baada ya muda aliifungua kamba, na miili ikaendelea kwenda pamoja. Na jambo moja alilirudia mpaka tukaliota: mtu akianguka, usimtazame. Funga nafasi yake kwanza, pole utampa baadaye.

Mzungu aliyekuwa mwalimu wa michezo hapo chuoni aliiona timu ya bandari ikicheza, akamchukua Nicodemus mwaka wa arobaini na sita. Ofisini aliandikwa mnyapara wa kufyeka nyasi, maana hakuwa na cheti cha ualimu, lakini hakuna aliyemwita mnyapara. Alikuwa Mwalimu wa Mabeki. Walimpa nyumba ya vyumba viwili chini ya uwanja, mkewe Nelima akapanda maharagwe mpaka ukingoni mwa mstari wa kona, na binti yao Nabalayo alizaliwa humo. Walimu wa michezo walikuja wakaondoka. Kila mmoja alipiga picha na kombe, amekunja mikono, washambuliaji wamepiga magoti mbele yake. Nicodemus hayumo hata katika picha moja. Alikuwa pembeni ameshika mifuko ya nguo zetu. Sijui hao wapiga picha walidhani mabao hayafungwi kwetu kwa sababu gani, labda kwa maombi.

Sasa sikiliza jinsi mtu anavyojichimbia kaburi kwa jembe lake mwenyewe. Got Rateng' kilikuwa chuo cha walimu. Kila mwaka ulipokwisha, mabeki wa Nicodemus walipewa vyeti na kutawanywa: huyu Yala, huyu Kendu Bay, huyu Asembo, huyu Nyamasaria. Na mwalimu anafundisha alichofundishwa. Ukipita shule yoyote ya ufukweni jioni, uliwaona watoto wamefungwa kamba viunoni. Walimu wenyewe waliunda timu zao, nazo zikaja kucheza nasi Kisumu kugombea Kombe la Walimu. Tulipofika miaka ya hamsini na nne, hamsini na tano, hakuna aliyemfunga mwenzake. Sare, sare, sare. Watazamaji walitoka Kisumu mjini, wakakaa juani, wakarudi wamenuna. Kikulacho ki nguoni mwako, na chuo chetu kilikuwa kinaliwa na kamba yake mwenyewe.

Mwaka wa hamsini na sita alikuja Mkuu mpya. Alitazama mechi tatu zisizo na bao, akamwita Nicodemus ofisini. Nicodemus aliporudi alikaa kwenye gogo nje ya jiko la Nelima, na mimi nilikuwa hapo, nimekuja kuomba ndizi.

"Anasema kazi yangu imekwisha," alimwambia mkewe. "Anasema mabeki sasa wako kila mahali, hawahitaji mwalimu. Anataka nyumba ampe mwalimu wa kuimba."

"Lini, Baba Nabalayo?"

"Mwakani. Ila tukishinda kombe ataniacha. Amesema hivyo mbele ya karani."

Nelima aliendelea kuchambua mchicha, kisha akauweka chini akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Waende wapi? Kimilili hakuna hata mahali pa kusimamisha kibanda. Bandarini hawamchukui, mgongo wake ulikuwa umekwisha kwa marobota, asubuhi nyingine nilimkuta anavaa viatu akiwa amelala. Zaidi ya hayo, na hili nalisema kwa sababu nililiona, mtu yule hakuwa na kitu kingine duniani cha kujivunia. Ukimwondolea ule mstari wa watu watano, unabaki na mzee anayefyeka nyasi.

Mfa maji haachi kutapatapa. Mwaka mzima alijaribu kuwafundisha washambuliaji, kitu asichokijua. Aliwafunga kamba na wao pia, wakaanguka, wakamcheka machoni. Alimwomba mwalimu wa michezo amsaidie, yule bwana akamwambia asubiri muhula ujao. Alisali sana. Alikonda. Na bado tulifika fainali, kwa sababu nasi hatukufungwa, na mabao mawili tuliyopata mwaka huo yalikuwa ya bahati, moja lilimgonga refa likaingia.

Katika fainali tulipangwa na Walimu wa Asembo, wenye kombe tangu mwaka uliotangulia. Sheria ilikuwa kwamba sare ikitokea, mwenye kombe anabaki nalo. Na nahodha wa Asembo, beki wa kulia, aliyekuwa akiuongoza mstari ule kwa sauti yake, alikuwa Ogweno.

Lazima nikueleze Ogweno. Alipita Got Rateng' kabla yangu, mtoto wa wauza samaki wa Asembo Bay, mrefu, mpole, asiyejua kukasirika. Kwa Nicodemus hakukuwa na mwingine. Tulipokosea, tuliambiwa "Ogweno asingefanya hivyo" mpaka tukamchukia hata kabla ya kumwona. Mwaka wa arobaini na tisa, asubuhi ya fainali, Ogweno aliteguka goti la kulia akiruka mtaro. Nicodemus alikata mpira wa ndani wa baiskeli, akalifunga goti lile, akamchezesha. Walishinda. Goti halikupona tena. Lilikwenda mbele, lilirudi nyuma, liligeuka kushoto vizuri, lakini ukilizungusha ghafla kulia, halipo. Ogweno alicheza miaka minane kwa akili, akijiweka mahali ambapo hatahitaji kugeuka huko, na soksi ndefu za mwalimu zikaficha mpira wa baiskeli. Watu wawili tu walijua. Kila alipokuwa na mechi kubwa alimtafuta Nicodemus nyuma ya uzio amfunge, kwa sababu, alisema, mikono mingine inakaza pasipotakiwa.

Wiki moja kabla ya fainali Nicodemus aliniambia, "Wasike, nisindikize Asembo." Njiani alikiri alichokuwa anakiendea: anakwenda kumwomba Ogweno asicheze. Asingizie homa. Siku moja tu.

Tulimkuta nyumbani kwake karibu na ziwa, amerudi kutoka shuleni, vumbi la chaki bado mikononi.

"Bed piny, Japuonj," alisema, yaani keti, Mwalimu, akamvutia kiti kilichokuwa kimoja tu chenye mgongo. Mimi nilikaa kwenye mkeka. Mkewe alileta ugali na samaki, ngege aliyechemshwa, akampa Nicodemus kichwa, fungu la mgeni wa heshima.

Tulikula. Nicodemus alianza mara mbili, "Ogweno, mimi nimekuja," akarudia kumega ugali. Ogweno aliongea kwa furaha mpaka nikaona aibu ya kumsikiliza.

"Japuonj, nataka wewe ukae karibu, uone. Vijana yangu hata usiku ukiwaamsha wanajipanga. Wanajua ni yako. Mimi huwa nawaambia, hii kitu si yangu, iko na mwenyewe." Kisha akapandisha suruali. "Lakini goti imeharibika zaidi. Shika hapa. Daktari amesema niache, na mimi nimemwambia baada ya hii moja. Hii nataka nicheze mbele yako, halafu naacha. Utanifunga, ama itakuwa vibaya kwa sababu wewe ni wa ile upande ingine?"

Nicodemus alilishika goti kwa mikono miwili. Alilibonyeza taratibu, akalikunja, akalinyosha.

"Nitakufunga," alisema.

Tulirudi bila kuomba chochote. Njiani nilimuuliza mbona hakusema. Akanijibu kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake kwamba kuna vitu mtu hawezi kumwomba mwenzake akiwa amekula kichwa cha samaki wake.

Siku ya fainali jua lilikuwa kali na watu walijaa uwanja mpaka juu ya miti. Wahindi wa dukani walikuja na viti vyao. Mkuu alikaa kivulini na wageni wake. Kabla ya mchezo nilimwona Nicodemus nyuma ya uzio, amepiga magoti, anamfunga Ogweno. Alifunga polepole sana, akafungua, akafunga upya. Ogweno alikuwa anamhadithia kitu, anacheka.

Nusu ya kwanza ilikwenda kama ulivyokwisha kujua. Winga wetu wa kushoto, Dishon, kijana wa Nyamasaria mwenye mbio za ajabu na akili za kuku, aligonga ukuta wa Asembo mara kumi akarudi. Kila akipata mpira, Ogweno alikuwa amekwisha kuupunguza uwanja, anamsukuma kuelekea ndani, upande wa goti zima. Watazamaji walianza kupiga makopo. Mapumzikoni Mkuu aliinuka kitini, akatazama saa yake, akamwambia mgeni wake jambo, wote wakatabasamu. Nicodemus aliliona tabasamu lile. Mimi nilikuwa kando ya ndoo ya maji, yeye akaja hapo hapo, akamshika Dishon mkono.

"Beki yao ya kulia," alisema, na sauti haikuwa yake. "Usikimbie naye. Simama. Mwache akuje karibu. Halafu kata nje, upande wa mstari, ghafla."

"Atanikata miguu, Mwalimu."

"Hawezi. Goti lake halizunguki upande huo."

Dishon alimtazama, akanitazama mimi, akafuta jasho akaenda. Nicodemus aliinama juu ya ndoo kama anayetaka kunywa, lakini hakunywa. Ningeweza kumwambia kitu. Nilikwenda golini.

Mpira ulipoanza, Dishon alingojea pasi yake. Ilipokuja, alisimama. Ogweno akaja, mpole, amejipanga. Dishon akakata nje. Ogweno aligeuka kulia.

Goti lilialika, na mlio wake niliusikia mimi nikiwa goli la upande wa pili. Na hapo Dishon alikuwa peke yake, lango wazi mbele yake, na moyo wangu, Mungu anisamehe, uliruka kwa furaha. Lakini Ogweno, uso wake ukiwa chini majanini, alipiga kelele moja tu: "Fungeni!" Hakuna mwenzake hata mmoja aliyemtazama. Hafubeki wa kulia alirudi akaziba nafasi yake, wa kati akaingia alipotoka yule, beki wa kushoto akasogea, na Dishon alipoinua kichwa kupiga, watu wanne walikuwa wamesimama pale. Mpira ulimgonga mmoja wao kifuani ukatoka nje.

Siku hizo hapakuwa na kubadilisha mchezaji. Walimbeba Ogweno mpaka kwenye kivuli kando ya goli langu, na hapo nilisikia kila neno. Walitaka kumvua soksi, akawakatalia.

"Muiteni Japuonj. Hii goti anajua yeye."

Nicodemus alikuja. Watu wakampisha. Alipiga magoti, akaanza kuufungua mpira wa baiskeli alioufunga mwenyewe, na goti lilikuwa limetazama mahali ambapo goti halitazami. Ogweno alikuwa amemshika begani kwa nguvu zote.

"Pole, Japuonj," alisema. "Nimeharibu laini mbele ya watu."

Nicodemus aliufunga mguu vijiti viwili kwa kitambaa ambacho Nelima alikivua kichwani, huku wale kumi waliobaki wakihesabiana kwa macho, wakienda kulia pamoja, wakirudi kushoto pamoja, kazi safi kabisa, mpaka filimbi ya mwisho. Sare. Kombe lilirudi Asembo.

Mkuu alitimiza neno lake, kwa hilo simlaumu, ingawa asante ya punda ni mateke. Mwezi wa kumi na mbili mwalimu wa kuimba alikuja kupima madirisha atie mapazia, na Nelima akang'oa maharagwe yake mabichi kwa sababu hakutaka kumwachia mtu. Nilikuwa nawasaidia kutoa kitanda tulipomwona Ogweno anapanda njia ya uwanja kwa fimbo. Nyuma yake kulikuwa na mkokoteni wa punda.

"Mama, habari ya kazi," alimsalimu Nelima. Kisha akamgeukia Nicodemus. "Japuonj, nimesikia. Kwetu shule iko na nyumba, ni ya nyasi lakini haivuji. Nimeongea na wazee wa kamati. Mimi siwezi kukimbia na watoto tena, wanataka mtu. Nimekuja na hii punda, tubebe vitu twende."

Nelima aliweka chini sufuria alizokuwa amezishika. Niliona anavyomtazama mumewe, na macho yake yalikuwa yanamsihi waziwazi: nyamaza. Nyamaza, twende, mtoto apate pa kulala. Nelima alijua. Mumewe alikuwa amemwambia yeye peke yake, na mimi nilisikia kwa masikio yangu pale kwenye ndoo. Dishon alikuwa amekwisha kwenda kwao Nyamasaria. Hakuna ambaye angesema.

Nicodemus aliutazama mkokoteni. Alimtazama punda. Alikaa kwenye kitanda kilichokuwa nje juani.

"Ogweno," alisema, "yule kijana mimi ndiye nilimwambia. Upande wa kukata. Mimi."

Upepo wa ziwani ulikuwa unapiga mabati ya nyumba. Ogweno alisimama akiegemea fimbo, na uso wake haukuwa na hasira. Afadhali ungekuwa nayo. Alikuwa anafikiri, kama mwalimu anayepitia hesabu ya mtoto aone ilipokosewa.

"Wakati ulikuwa unanifunga," aliuliza, "ulikuwa umeshaamua?"

"Nilikuwa nafikiria."

"Na ulinifunga vizuri?"

"Nilikufunga vizuri."

Ogweno alitikisa kichwa polepole, kukubali. Alimwambia mwenye punda amsaidie mama kupakia vyombo na kuvifikisha stendi ya basi Kisumu, kisha punda arudi. Akamuaga Nelima kwa heshima, akamshika Nabalayo kichwani. Njia ilikuwa upande wake wa kulia, hatua chache tu kutoka alipokuwa. Hakuweza kugeuka huko. Alianza kuzunguka kushoto, fimbo kwanza, mguu, fimbo tena, akapitisha uso wake mbele ya nyumba, mbele ya uwanja, mbele yetu sote, na Nicodemus hakuinamisha macho mpaka mtu yule alipomaliza kuzunguka akaipata njia.